Zulia la Mama Mkwe na Ukuta wa Mbunifu

Jumatatu, 3 Machi

Nimenunua daftari hili ili siku nitakapokuwa mtu mashuhuri watu wasihangaike kuuliza mambo yalianzaje. Yalianza hivi: nafukuzwa chumbani kwangu.

Sijafukuzwa rasmi bado. Mke wangu ametangaza tukiwa kwenye chai kwamba mama yake anahamia kwetu Jumapili. Goti limemchosha, ngazi za kwake haziwezi tena. Nikasema karibu sana, mama ni mama. Akaongeza kwamba atalala chumba cha nyuma. Chai ikanipalia. Chumba cha nyuma ni studio yangu! Ndimo nilimo sasa, nikiandika juu ya ndoo ya rangi. Dirisha ni moja na linatazama kamba ya nguo ya jirani. Kanvasi kumi na nne zimeegemezwa ukutani, zote zimegeuzwa uso, maana mke wangu anasema zinamtazama vibaya.

Nilijitetea. Nikasema msanii hahamishwi kama kabati. Akaniuliza, kwa ule upole wake ninaoujua, ni lini mara ya mwisho mtu asiye ndugu yangu alichukua picha yangu akaitundika kwake. Nikafikiri. Nikamtaja kinyozi. Akasema ile ya kinyozi ni bango, na kinyozi ni binamu yangu.

Tumeafikiana. Mtu mmoja mwenye macho yake timamu, asiye wa ukoo, akichagua picha yangu kabla ya Jumapili, mama atalala na mabinti zetu na chumba kitabaki changu. Asipopatikana, kitanda cha mama kinaingia, mimi natoka.

Mchana mizigo ya mama mkwe imetangulia kufika. Kitanda, sanduku, cherehani, kwani alikuwa fundi wa nguo miaka arobaini. Na zulia limeviringishwa kwa kamba. Vyote vimerundikwa studio, eti kwa muda. Nimefungua kamba nikachungulia. Zulia la Kiajemi, la kweli kabisa, ua kubwa katikati na mapindo saba kulizunguka. Marehemu baba mkwe alikuwa mpishi wa melini, akalileta begani kutoka moja ya safari zake.

Hapo hapo akili ikaniwaka. Wiki iliyopita, kwenye kiti cha kinyozi, nilisoma habari za yule mbunifu wa mavazi ambaye duka lake lina mlango wa kioo na gauni moja tu dirishani. Kumbe anakusanya picha. Ana picha kubwa tatu zilizochorwa kutokana na mazulia ya Kiajemi, na amebakiza ukuta mmoja, wa chumba cha kujaribia nguo. Anatafuta picha moja tu ya kuujaza. Mwandishi akamuuliza anachaguaje. Akajibu kwamba anachukua picha ambayo mtu akisimama mbele yake hujikuta anataka kuvua viatu.

Na hizo tatu nani kazichora? Bibi Pindo. Jina hilo nimempa mimi, kwa kuwa anaweza kumaliza mwezi mzima kwenye pindo la zulia na katikati hajafika. Tulijifunza kuandika mabango kwa fundi mmoja. Siku moja enzi hizo nilisema, mbele ya mashahidi, kwamba zulia ni picha iliyochoka kusimama. Alikuwapo, alicheka. Leo anachora mazulia na anaandikwa magazetini. Sisemi kitu. Naandika tu.

Basi. Zulia ninalo, brashi ninazo. Ukuta ule ni wangu.


Jumanne, 4 Machi

Nimevaa suti yangu ya harusi na viatu vya siku ile ile, nikaenda kupeleleza dukani kwa mbunifu. Mpango ulikuwa kukaa kwenye viti vya wateja, kama mume anayemsubiri mkewe, huku nikitafuta kasoro kwenye picha za Bibi Pindo.

Kasoro zimejaa tele. Mistari imepinda. Ua la kushoto si sawa na la kulia. Moja imepauka upande mmoja kana kwamba imepigwa jua miaka ishirini, na sote tunajua ilichorwa juzi. Nikawa natikisa kichwa kwa huruma. Baada ya muda nikagundua kwamba miguu yangu imetoka kwenye viatu. Viatu vyenyewe vinabana.

Msichana wa mapokezi akaja kuuliza anisaidie nini. Sikuwa nimejiandaa. Nikasema nimekuja kumshonea mama mkwe gauni. Sijui maneno yale yalitoka wapi. Msichana akashika kifua, akakimbia kumwita mbunifu mwenyewe. Mwanamke mfupi, tepu ya kupimia shingoni, pini tatu mdomoni. Akatoa pini, akasema tangu aanze kazi hajawahi kumwona mwanamume aliyekuja na ombi hilo. Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Akauliza kitambaa gani. Nikatupa jicho, nikaona jora la mahameli, nikasema mahameli. Akauliza mama angependa manyoya ya mahameli hiyo yalale kuelekea juu au chini, maana yakielekea juu rangi hukolea, na yakielekea chini hung'aa. Nikasema vyovyote vile, mradi iwe inafulika.

Akanitazama kidogo. Akasema hayo basi atayaongea na mama mwenyewe, nimlete apimwe. Hapo ndipo nilipoonyesha mimi ni nani. Nikasema mama ana goti bovu, hatoki. Akasema atakuja yeye, Jumamosi saa nne asubuhi. Nimerudi nyumbani miguu haigusi ardhi. Atapimia wapi? Studio. Studio kutakuwa na nini? Picha yangu, mbele ya pua yake.

Nimempigia simu mama mkwe nikamwomba aje Jumamosi mapema, kuna zawadi yake, atashonewa gauni. Akaniambia nirudie. Nikarudia, nikidhani simu inakwaruza. Kisha akasema ameshonea watu maisha yake yote na hakuna aliyewahi kumshonea yeye. Sauti ilikuwa nzito. Mafua, nadhani.

Mchana nimetandaza zulia, nikaketi hapa mlangoni, nikaanza. Nusu ya juu tayari. Wekundu wa nyanya iliyoiva, unaong'aa. Nimefuata zulia uzi kwa uzi. Mimi sibuni mambo kama watu fulani. Nachora ninachokiona.


Jumatano, 5 Machi

Nilitoka kidogo kununua rangi, mke wangu akapata upenyo. Amefagia studio. Ametoa zulia nje akalikung'uta, akalirudisha. Amepanga brashi zangu kwa urefu kama wanafunzi mstarini. Nimelalamika. Amesema vumbi la humu lilikuwa limeanza kuota mizizi, na alikuwa anatafuta njia ya kulifikia sanduku la mama yake.

Nimerudi kwenye kiti changu mlangoni, nikachora nusu ya chini. Nimelazimika kuchanganya rangi upya, kwa sababu nyekundu ya jana haikufanana hata kidogo na zulia lililo mbele yangu. Zulia ni jekundu zito, la kiza, karibu na zambarau. Nimekwenda kumfokea muuza rangi kwamba ameniuzia tyubu zilizopauka. Amefungua mbili mbele yangu, moja ya jana na moja ya leo, akapaka kwenye kipande cha boksi. Zikawa sawa sawa. Mjanja sana mtu yule.

Siku mbili, picha imekwisha. Bibi Pindo bado angekuwa kwenye pindo la kwanza.


Alhamisi, 6 Machi

Msiba.

Nimeisimamisha picha, nikarudi nyuma hatua sita, nikaingia kwenye beseni la nguo. Picha ina rangi mbili. Juu inawaka, chini ni kiza. Mpaka umepita katikati ya ua kubwa, tena haukunyooka, kwa sababu Jumanne niliishia pale mkono ulipochoka. Inaonekana kama mtu amevuta pazia nusu kisha akaghairi.

Nimefanya uchunguzi. Watuhumiwa watatu: muuza rangi, jua, na mke wangu. Nimemuuliza mke wangu ana kwa ana kama ameliosha zulia. Akasema hakuliosha, ameligeuza tu, pindo lililokuwa mlangoni sasa liko dirishani, na tangu lini kugeuza zulia kukawa kosa. Nikamweleza kwa subira kwamba kugeuza kitu hakubadilishi rangi yake. Nimemfuta kwenye orodha. Muuza rangi alishajisafisha jana kwa kipande chake cha boksi, limebaki jua.

Yeye sasa akasimama kuitazama picha. Ameitazama kwa muda mrefu, naye ameacha sufuria motoni. Akasema, baba watoto, hii ndiyo nzuri. Sijapenda ile "hii ndiyo". Zile kumi na nne je? Kisha akatoa simu, akaipiga picha amtumie mama yake, aone zulia lake. Nikamkataza, kazi haijakamilika. Alikuwa ameshatuma.

Alasiri, hodi. Bibi Pindo! Ameleta misumari ya fremu, anasema alinunua mingi kupita mahitaji. Hakuna mtu anayenunua misumari kupita mahitaji. Alikuja kupeleleza, na nashangaa mtu mzima anawezaje kujishusha kiasi hicho.

Sikupata muda wa kuifunika picha. Alisimama mbele yake, misumari ameisahau mkononi. Nikaona nitazame saa: dakika nne. Nikatazama chini: yuko pekupeku. Viatu vyake viko kando, vimepangwa vizuri. Masikini, lazima ana sugu. Kisha akaniambia, kaka, tafadhali usiiguse tena, hata nukta. Akasema hajui nimefanyaje, lakini ni zulia lenyewe, jinsi lilivyo mtu akiwa anaingia na jinsi lilivyo akiwa anatoka. Akasema amelitafuta jambo hilo miaka sita hajalipata. Macho yalikuwa yamemlowa.

Nimemsindikiza hadi barabarani kwa heshima zote. Halafu nimerudi nikacheka peke yangu mpaka mabinti wakaja kuchungulia. Ananiona mtoto mchanga? Picha ina kosa ambalo hata kipofu angeligusa, na mshindani wangu ananisihi niliache lilivyo! Huku ni kunivika kilemba cha ukoka. Miaka sita, anasema. Ningekuwa mtu wa kudanganyika kirahisi ningekuwa nimekwisha zamani.

Kesho naisawazisha yote.


Ijumaa, 7 Machi

Nimefanya kazi tangu asubuhi bila kula. Juu nilipaka rangi ya chini? Hapana. Chini nilipaka rangi ya juu? Hapana pia. Nimechanganya zote mbili nikapata rangi ya kati, isiyompendelea mtu, nikaipaka kila mahali. Mistari nimeipiga kwa rula. Maua nimekata mfano wake kwenye karatasi ngumu, nikawa naupachika na kupaka, naupachika na kupaka. Pembe nne, maua manne, hakuna linaloweza kumcheka mwenzake.

Mke wangu amekuja na chai. Akauliza picha iko wapi. Nikasema mbele yako. Akasema hapana, ile ya jana. Nikamwambia hii ndiyo ile ya jana, imekua. Ameweka chai juu ya ndoo akatoka, akafunga mlango taratibu, na mke wangu si mtu wa kufunga mlango taratibu.

Saa tisa alikuja fundi bomba kutengeneza sinki. Nikaona nimtumie kwa majaribio. Nikamwingiza studio, nikamsimamisha mbele ya picha, nikatazama miguu yake. Alikuwa na mabuti ya matope. Akaitazama picha, akanitazama mimi, akauliza kama uvujaji uko nyuma ya hicho kitu. Mabuti hayakutikisika.

Nimelifikiria hilo. Fundi bomba amezoea kukanyaga kila mahali, hawezi kuwa kipimo. Hata hivyo nimeandika kibao na kukitundika mlangoni: VUA VIATU HAPA. Huo si udanganyifu. Ni kumsaidia mtazamaji kufika anakoelekea.


Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika yote, hata yale yanayonichoma.

Mama mkwe alifika saa tatu kwa teksi, amevaa nguo zake za heshima. Ameketi kwenye ukingo wa kitanda chake studio, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Aliitazama picha. Akaniuliza kwa adabu, hiyo nayo ni ya nini. Nikamwambia mama, ni zulia lako. Akasema aa.

Saa nne kamili mbunifu akaingia. Akasoma kibao, akavua viatu. Nikashika mlango nisije nikashangilia. Akapita mbele ya picha yangu kama mtu anavyopita mbele ya friji. Akapiga magoti sakafuni, kwenye zulia lenyewe, akalipapasa kwa kiganja, mbele halafu nyuma. Akamwamkia mama akiwa chini pale pale, akamuuliza amelipata wapi. Wakaanza kuongea. Waliongea kuhusu uzi, mafundo, maganda ya komamanga yanayotoa rangi. Mimi nilikohoa mara tatu karibu na picha.

Mama akamwambia, njoo mwanangu usimame hapa dirishani ulitazame. Sasa nenda kule mlangoni ulitazame tena. Mbunifu akaenda akacheka kwa furaha. Nami nikawafuata nione kinachochekesha. Nikasimama dirishani: zulia linawaka. Nikaenda mlangoni: kiza. Nikarudi dirishani. Linawaka. Mama akanieleza kama anayemweleza mwanafunzi wa wiki ya kwanza: manyoya ya zulia yamelala upande mmoja, sawa na ya mahameli, ukiyatazama yanakoelekea yanang'aa, ukiyatazama yanakotoka yanakolea. Akasema kila aliyewahi kushika mkasi analijua hilo.

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa anatazama dari.

Mbunifu akampima mama. Mabega, kifua, mikono. Mama alifumba macho muda wote, akitabasamu. Alipoulizwa manyoya ya mahameli yalale wapi, akajibu juu, bila kusita, maana yeye sasa ni mtu wa rangi nzito. Wakacheka wote wawili. Kisha mama akafungua mkoba, akatoa simu, akasema, hebu nikuonyeshe kitu kizuri alichonitumia binti yangu juzi.

Mbunifu akaichukua simu, akaipeleka dirishani. Akaikuza picha kwa vidole viwili. Nilisikia bomba la jikoni likidondosha matone, lile lililotengenezwa jana. Akasema hii ndiyo. Akasema ukuta wa chumba cha kujaribia umekaa mtupu mwaka mzima kwa sababu ya picha hii, alikuwa haijui ila alikuwa anaisubiri. Akauliza ni ya nani na iko wapi, aende nayo leo leo.

Watu wote wakanigeukia. Nikaonyesha kanvasi. Akasema hapana, hii iliyo kwenye simu. Nikasema ndiyo hiyo. Akasema haiwezekani. Nikasema ipo, ila iko chini. Akauliza chini ya nini. Nikasema chini ya hii.

Nilichukua kisu nikaanza kukwangua mbele yao. Ningeipata, najua iko wapi! Nimetoboa kanvasi. Mbunifu akafumba macho. Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, kitu gani kilinifanya niifunike. Sikuwa na uwongo wa karibu, nikamwambia ukweli: niliambiwa nisiiguse. Hakulielewa jibu hilo. Mke wangu alilielewa.

Ameondoka. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Alinishika bega akasema siku nyingine nikipata kitu kama kile nimpigie simu kabla sijafikiri.

Inauma. Naliandika wazi kwa kuwa daftari halina wa kulisoma. Kwa siku moja nilikuwa na picha nzuri, na sikuwapo kuiona.

Mama mkwe alinikuta nimekaa kwenye ngazi. Akanipapasa kichwani, akasema asante kwa gauni, mwanangu.


Jumapili, 9 Machi

Kitanda cha mama kimetandikwa. Cherehani ipo dirishani, mahali pa mwanga, pangu. Kanvasi kumi na nne zipo chini ya vitanda vya mabinti. Ya kumi na tano, ile yenye tundu, mke wangu ameifunga kwa shuka akaiweka juu ya kabati. Hajanisimanga hata kwa neno moja. Siku nzima namsubiri aanze nijitetee, haanzi.

Nimejaribu kuchorea jikoni. Nimefukuzwa. Nimejaribu bafuni, juu ya beseni lililopinduliwa. Familia ya watu watano ina mahitaji ya bafu kuliko mtu anavyodhani. Nimejaribu ukumbini. Binti mdogo amekalia rangi ya buluu.

Nikiwa pale ukumbini nikapata muda wa kutafakari, na mambo yote yamenifungukia. Bibi Pindo aliniambia usiiguse. Ilikuwa kweli. Alijua ni kweli. Alijua pia kwamba mimi ni mtu makini, siwezi kumwamini mshindani. Kwa hiyo aliniambia ukweli kwa makusudi, ili niukatae! Ujanja wa mwanamke yule hauna sakafu. Nimemweleza mke wangu. Ameniuliza kama nimekunywa maji ya kutosha leo.

Alasiri, simu. Bibi Pindo mwenyewe. Mke wangu amemsimulia kila kitu, wanawasiliana kumbe. Alikuwa analia. Sio kicheko, nilisikiliza vizuri, alikuwa analilia picha yangu. Kisha akasema studio yake ni kubwa kuliko anavyohitaji, nije nichukue nusu. Nusu yenye dirisha.

Nikasema nitafikiri. Mke wangu alikuwa ameshafunga brashi zangu kwenye taulo.


Alhamisi, 13 Machi

Siku ya tatu hapa kwa Bibi Pindo. Naandika kwenye meza ya kweli. Nilikuja nimekaa chonjo. Siku ya kwanza sikugeuza mgongo. Siku ya pili nilinusa chai kabla ya kuinywa. Leo nimesalimu amri. Amenipa dirisha lote akajibana yeye ukutani kwenye taa. Amenipigilia msumari wa kutundikia shati. Asubuhi alinikuta nimekwama, akaniletea brashi yake nzuri, ile ya manyoya laini, akaniachia, akarudi kwenye taa yake. Hakuna njama. Nimeitafuta kila mahali, haipo. Nilimkosea sana mwanamke huyu, na nasema hivyo kwa moyo mweupe.

Nimemwelewa sasa. Hakuwahi kuwa adui. Ni mtu mwema ambaye macho yake yamechoka, basi. Ndiyo maana hata kwenye picha yangu hakuliona kosa.

Ushahidi upo hapa ukutani. Ni picha yake kubwa, ya ukuta ule ule wa chumba cha kujaribia. Mbunifu alipoikosa yangu alirudi kwake, akaipenda, na kesho asubuhi anakuja kuichukua. Bibi Pindo ameifanyia kazi mwaka mzima. Ni zulia kubwa la buluu, limetulia, sina la kusema. Lakini pembe ya chini, kulia! Maua matatu ni sawa, la nne limeinama. Jani moja fupi. Rangi imefifia kama kitu kilichokanyagwa na watu wa nyumba ile ile kila siku wakipita kwenda jikoni. Na masikini, kwenye pembe hiyo hiyo ameniambia ametumia wiki tatu. Wiki tatu, na bado imemshinda.

Saa nane ametoka kwenda kutafuta karatasi ya kufungia picha. Ameniomba niiangalie isiguswe na vumbi.

Nimekaa nikiitazama. Nikafikiria mbunifu kesho, na jicho lake lile, likitua kwenye pembe ile. Nikamfikiria Bibi Pindo akiaibika mbele za watu, yeye aliyenipa nusu ya chumba chake bila kuniomba kitu. Siwezi kuliruhusu hilo. Mimi si mtu wa namna hiyo.

Nimetumia brashi yake mwenyewe, ile nzuri. Nimekata mfano kwenye karatasi ngumu. Imenichukua saa moja na robo, bila kupumzika. Sasa pembe zote nne ziko sawa, ukipima kwa rula huoni tofauti hata ya unywele. Nimesafisha brashi, nimefagia, nimerudi kwenye meza yangu. Sitamwambia kwamba ni mimi. Aone mwenyewe kwanza.

Namsikia anapanda ngazi. Anaimba. Nimeweka maji ya chai, nimekaa hapa dirishani namsubiri, na furaha niliyo nayo sijui niifiche wapi.